Kupe wamefika kwa mtoto wangu, na mkwe wangu anamwogesha mbwa kwa dawa ya ng'ombe

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu, maana safu hii inasomwa na watu wa ukoo wetu.

Nimeolewa mwaka wa sita sasa. Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam, huja Krismasi na kwenye misiba. Mimi na watoto wetu wawili tunaishi kwa wazazi wake wilayani Hai, upande wa tambarare, chini ya Boma Ng'ombe. Baba mkwe ana ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa bandani. Majani na mabua tunaletewa kwa guta kutoka mashamba ya chini.

Tuna mbwa anaitwa Simba. Mwaka jana wezi waliruka uzio usiku kufuata ng'ombe, Simba akabweka mpaka majirani wakatoka na tochi. Tangu siku hiyo Baba humtengea Simba ugali na dagaa kabla yeye mwenyewe hajaketi kula.

Shida ni kupe. Wako masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia. Wengine wadogo huwezi kuwaona mpaka uguse, wengine wamevimba ukubwa wa kunde. Nimewakuta wakipanda ukuta wa jiko. Mwezi uliopita nilikuwa namsuka binti yangu wa miaka minne nikamkuta kupe nyuma ya sikio. Jirani alimdondoshea mafuta ya taa, kupe akatoka, lakini mahali pale palibaki pekundu kwa siku kadhaa na mimi sikupata usingizi.

Baba humwogesha Simba kwa dawa ile ile anayonyunyizia ng'ombe. Humimina kifuniko kimoja kwenye ndoo ndogo, akiona kupe wamezidi anatia viwili, kisha anampaka kwa tambara. Mwezi wa tatu tulikuwa pia na mbwa mdogo wa kike, Baba alipewa na rafiki yake. Aliogeshwa asubuhi pamoja na Simba. Mchana akalegea, akawa wa baridi, jioni hakuamka. Baba alisema ni nyoka. Mimi sikuona jeraha. Mama mkwe alinitazama, akainama akaendelea kuchambua mchele.

Sasa Simba naye amekonda. Hamalizi chakula, anashinda amelala, na juzi nilimwona anatokwa damu puani.

Nilimpigia mume wangu. Akasema, "Mtoto wangu kwanza. Mwondoeni huyo mbwa, na kama hakuna wa kumchukua awekewe sumu." Jirani naye ananiambia kupe wa mbwa ndio wanaoleta homa ya papasi. Nilipouliza kwenye duka la dawa za mifugo nikaonyeshwa kidonge cha mbwa cha kutafuna kinachokaa miezi mitatu, ila bei yake inazidi ninachopata kwa kushona sare mbili za shule. Mgao wa kikoba unakaribia, naweza kujibana. Lakini nikileta kidonge hicho nyumbani, Baba ataelewa kwamba namshitaki kwa kifo cha yule mdogo. Mzee huyu hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja. Nimewaza hata kuimwaga ile dawa usiku niseme chupa imeanguka.

Shangazi, nimwondoe mbwa, niseme na mzee, au ninyamaze?

Mama wa Wawili, Hai

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako taratibu, na kilichonigusa kwanza ni jinsi unavyowabeba wote kwa pamoja: binti yako, mzee, mume aliye mbali, na Simba asiyeweza kujisemea. Mtu asiyejali angekwishaamua zamani. Umeniuliza mambo matatu, lakini ninavyoona mimi yako manne, na hilo la nne ndilo la haraka kuliko yote. Simba anaweza kuwa tayari ni mgonjwa.

Kukonda, kulala mchana kutwa, kuacha chakula na kutokwa damu puani ni dalili zinazofahamika za ugonjwa wa mbwa uitwao ehlikiosisi, unaosababishwa na vimelea wanaoambukizwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Upo pia ugonjwa mwingine wa kupe, babesiosisi, unaovunja chembe nyekundu za damu. Huo hufanya fizi kuwa nyeupe na mkojo kuwa mwekundu au wa kahawia. Leo jioni mwinue Simba mdomo umtazame fizi. Zikiwa za waridi, vizuri. Zikiwa zimepauka, usisubiri mgao wa kikoba. Magonjwa haya mawili yana dawa. Ehlikiosisi hutibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki kadhaa, mara nyingi karibu mwezi mzima, na babesiosisi ina sindano zake. Damu inaweza kupimwa, na Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo Arusha, si mbali sana na kwenu. Ninachotaka ulione ni kwamba kidonge cha kuzuia kupe hakitibu ugonjwa ulioingia tayari. Ukitumia akiba yako yote kwenye kidonge kabla daktari wa mifugo hajamwona, unaweza kuuziba mlango ugonjwa ukiwa tayari ndani.

Sasa tuje kwa wazo la mume wako. Simlaumu. Baba akisikia kupe amekutwa kwenye sikio la mtoto wake naye yuko mbali, kitu cha kwanza kumjia ni kuondoa kilicholeta kupe. Ila wazo hilo limejengwa juu ya dhana kwamba kupe wanaishi kwa Simba, na kwa sehemu kubwa hawaishi kwake.

Kupe wa kahawia wa mbwa hupanda mwilini kunyonya tu. Anaanguliwa akiwa mdogo sana, mwenye miguu sita. Ananyonya siku chache, anadondoka, anajificha kwenye ufa wa ukuta na kujivua gamba. Anatoka na miguu minane, anapanda tena, ananyonya, anadondoka tena. Akishakomaa anapanda mara ya tatu, na jike akishiba hushuka kutaga mayai yanayoweza kufika maelfu, kwenye nyufa, chini ya magunia, juu karibu na paa. Hao uliowaona wakipanda ukuta wa jiko walikuwa wakitafuta mahali pa kujificha. Na kupe mkubwa mwenye njaa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Kwa hiyo Simba akiondoka kesho, kupe walioko ukutani hawaondoki naye. Kwa kawaida wanampenda mbwa kuliko mtu, lakini mbwa akikosekana na njaa ikizidi, wapo watakaomtafuta mtu. Mweleze mume wako hili kwa utulivu, pengine hakuna aliyewahi kumweleza.

Kuhusu sumu nitasema wazi zaidi. Sumu ya mbwa huwekwa kwenye chakula, na nyumbani kwenu kuna watoto wawili. Kuku, paka na mbwa wa jirani nao hawajui chakula hicho kimewekewa nani. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili wa namna hii. Ikiwa mwishoni mtaona Simba hawezi kubaki, kumtafutia mtu wa kumlea ni njia halali na ya utu, mradi awe ametibiwa na amechanjwa kichaa cha mbwa, la sivyo mnampelekea mwenzenu shida yenu. Na mtalazimika kujiuliza nani atawaamsha wezi wakirudi.

Jirani yako naye ana hofu ya kweli, ila amewachanganya wadudu wawili. Homa ya papasi inaletwa na papasi, kupe laini asiye na gamba gumu mgongoni, anayejificha kwenye vumbi la sakafu na kuta za udongo na kuuma watu usiku wakiwa wamelala. Kupe wa Simba ni jamii nyingine. Hiyo haina maana kwamba kupe hawa si hatari kwa binti yako, kwa sababu zipo homa zinazoletwa na kupe wagumu pia. Nitalirudia hilo mwishoni.

Sasa mzee.

Umeniambia hapimi dawa. Hujaniambia ni dawa gani, na jibu lote liko hapo, kwa hiyo kabla ya neno lolote soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Ikiwa imeandikwa amitrazi asilimia 12.5, kipimo cha kawaida kwa ng'ombe ni mililita 2 kwa kila lita 1 ya maji. Angalia udogo wa kipimo hicho. Kifuniko hakijulikani kinabeba mililita ngapi, ndoo ndogo haijulikani ina lita ngapi, na vifuniko viwili vinaongeza kipimo mara mbili bila mtu kujua kimefika wapi. Mnyama akizidiwa na amitrazi hulegea, husinzia, moyo hupiga polepole, mwili hupoa, wakati mwingine hutapika. Siwezi kukwambia nini kilimwua yule mdogo. Mbwa wadogo waliojaa kupe hufa pia kwa kuishiwa damu, na nyoka wapo kweli huko kwenu. Lakini ulichokieleza kinafanana sana na sumu ya dawa hiyo, na mbwa wa chini ya miezi minne hawapaswi kuoshwa nayo kabisa. Paka pia hapana. Ikiwa chupa ni ya jamii ya organofosfeti, dalili ni nyingine: mate mengi, kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo. Ikiwa ni saipamethrini au ndugu zake, mbwa huvumilia zaidi, lakini paka anayelala karibu na mbwa aliyepakwa kipimo kikali anaweza kupata degedege na kufa.

Hapo ndipo naomba tuiangalie upya dhana yako kwamba kusema ni kumshitaki. Mzee anayemtengea mbwa chakula kabla ya yeye kuketi hamwogeshi kwa dharau. Anamwogesha kwa sababu anampenda, na kwa dawa anayoiamini kwa haki kabisa, kwani ndiyo inayowalinda ng'ombe wake dhidi ya ndigana kali. Ugonjwa huo unaua ng'ombe wa maziwa haraka, na wafugaji wa kaskazini wanaufahamu vizuri kuliko mimi. Dawa hiyo kwake ni kinga ya uchumi wa nyumba. Ndiyo maana wazo la kuimwaga usiku linanipa wasiwasi. Ng'ombe watabaki bila ulinzi, na mzee atanunua chupa nyingine kesho yake. Ikiingia kwenye mfereji itaua samaki na kufika kwa watu wanaochota maji chini yenu. Na siku akijua, heshima mliyojenga miaka sita itaingia ufa kwa jambo ambalo lingesemeka.

Nani aseme, basi? Sidhani ni lazima uwe wewe. Mama mkwe alikutazama akainama, na mimi nasikia hapo mtu anayejua jambo na anatafuta nafasi. Huenda ukimwendea mkiwa jikoni wawili tu, ukamweleza habari ya fizi na damu ya puani bila kumgusa yule aliyekufa, yeye akajua saa na maneno ya kumwambia mumewe. Hatari yake ni kwamba anaweza kunyamaza tena, na siku zinapita. Njia ya pili ni bwana mifugo anayekuja kuwatazama ng'ombe. Mzee atalipokea neno lake bila kuona aibu mbele ya mkwewe, hasa ukimwomba wewe kando amtazame na Simba. Hapo pia kuna tahadhari. Wengi wamezoea ng'ombe, na wapo watakaochukua aivamektini ya chupa ya ng'ombe wamchome Simba. Dawa hiyo si ya kutegemewa kwa kupe wa mbwa, na kipimo kikizidi kidogo tu ni hatari, hasa kwa mbwa wenye damu ya mbwa wa kuchungia wa Ulaya kama koli. Uliza jina la dawa na kipimo kabla sindano haijaingia. Njia ya tatu ni mume wako kumpigia baba yake, ila kwa hasira aliyonayo sasa ningemwacha atulie kwanza.

Na ukiamua kusema mwenyewe, unaweza kuanzia kwa Simba anayeumwa badala ya mdogo aliyekufa. "Baba, naona Simba amekonda, damu ilimtoka puani, naomba tumpeleke akapimwe." Hilo halimshitaki mtu. Daktari akiuliza mmemwogesha na nini, mzee atajibu mwenyewe, na maelekezo yatatoka kwa daktari. Unamjua mzee wako kuliko mimi, labda kwake maneno ya moja kwa moja ni heshima zaidi. Hilo ulipime wewe.

Kidonge ulichoonyeshwa, kama ni cha fluralaneri, hulinda wiki 12 na hupewa pamoja na chakula. Faida yake kubwa kwenu ni kwamba dawa iko ndani ya mwili wa mbwa, haibaki kwenye manyoya ambayo binti yako anayashika. Udhaifu wake ni kwamba kupe lazima aume ndipo afe, kwa hiyo bado utawaona wachache. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba jamii hii ya dawa imewahi kuleta mtetemeko na degedege kwa baadhi ya mbwa, kwa hiyo mweleze daktari kama Simba amewahi kuanguka kifafa. Ya bei ndogo kidogo ni fipronili ya kupulizia au ya matone ya mgongoni, inayorudiwa kila mwezi. Usimwogeshe Simba siku mbili kabla na siku mbili baada ya kumpaka, na watoto wasimguse mpaka akauke. Kuna na kola zenye flumethrini zinazokaa hadi miezi 8. Ukigawa bei yake kwa miezi, huenda ikawa nafuu kuliko kidonge, ila mtoto anayemkumbatia mbwa shingoni atakuwa anaishika dawa kila siku. Kwa hali yenu mimi ningelitazama hilo mara mbili.

Lakini chochote utakachochagua kitashindwa ukuta ukibaki vile ulivyo. Hapa ndipo naona nafasi nzuri ya kumshirikisha mzee, kwa sababu ni kazi anayoiweza na haina lawama ndani yake. Magunia anayolalia Simba yachomwe. Nyufa za kibanda chake na za jiko zizibwe kwa saruji. Nyasi za chini ya uzio zikatwe fupi, na rundo la mabua likae mbali na anapolala mbwa. Kibanda kinyunyiziwe dawa ya kupe iliyopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mbwa, paka na watoto wakiwa mbali hadi pakauke, na kirudiwe kwa jinsi karatasi ya chupa inavyosema. Mayai yaliyomo ukutani leo yataendelea kuanguliwa kwa wiki nyingi, kwa hiyo msikate tamaa mkiona kupe wadogo mwezi ujao. Hata bomba hilo la kupimia linaweza kuingia nyumbani kwa heshima ukilileta kwa ajili ya dawa ya ng'ombe. Ukimwambia mzee kwamba kipimo pungufu hufanya kupe wa ng'ombe kuizoea dawa, utakuwa umesema kweli, na atakuelewa kama mfugaji.

Kumtoa kupe aliyeng'ang'ania, kwa Simba au kwa mtoto, tumia kibano cha nyusi. Mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu bila kuzungusha, mtumbukize kwenye spiriti, safisha ngozi kwa sabuni. Usimpasue kwa kucha. Mafuta ya taa yaacheni, yanaunguza ngozi ya mtoto na kumsumbua kupe akiwa bado ananyonya.

Na sasa binti yako. Mwezi umepita, na kama amekuwa mzima mpaka leo, kwa kupe yule unaweza kupumua, maana homa hizi kwa kawaida huanza ndani ya wiki mbili. Kwa siku zijazo, mkague kila jioni unapomwogesha: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kinenani. Akipata homa, kichwa kumuuma, upele, au kidonda kidogo chenye gamba jeusi pale alipoumwa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Mkishapimwa malaria na kipimo kikaonyesha hakuna, usikubali kurudishwa na panado peke yake. Mwambie tabibu kwa kinywa chako kwamba mtoto anaishi na mbwa mwenye kupe na amewahi kuumwa na kupe, kwa sababu asipoambiwa hana namna ya kulifikiria.

Niandikie ukishajua fizi za Simba ziko vipi na chupa ya Baba imeandikwa nini. Hayo mawili yakijulikana, tunaweza kuzungumza tena kuhusu fedha zako za kikoba zianzie wapi.

Shangazi yako